Hewa inayonaswa kifuani: maana ya oto-PEEP

"Mwanangu, hiyo mashine mbona inampa pumzi kwa kuchelewa hivi? Si muiongeze kasi?" Aliniuliza mzee mmoja aliyetoka Urambo kumwangalia kijana wake, mgonjwa wa pumu aliyelazwa hapa Tabora kwenye wodi ya wagonjwa mahututi, mrija kooni. Ndugu wengi huuliza hivyo, na wana haki: mtu wako amekosa pumzi, unataka apewe nyingi. Kumjibu vizuri lazima uijue dhana moja, presha ya hewa iliyonaswa mapafuni. Wodini tunaiita oto-PEEP: PEEP ni kifupi cha Kiingereza cha presha inayobaki mapafuni mwisho wa kutoa pumzi, na oto ni kwa sababu imejizalisha yenyewe.

Mashine ya kupumulia inasukuma hewa iingie. Kuitoa si kazi yake. Ikimaliza kusukuma hufungua valvu, ikangoja mapafu yanywee yenyewe kama puto lililoachiwa mdomo. Mirija ya hewa ya mapafuni ikiwa mizima, hewa hutoka upesi. Lakini kwa mwenye pumu kali, au mama aliyevuta moshi wa kuni jikoni tangu usichana mpaka mirija ikaharibika, njia ni nyembamba. Ubaya zaidi ni kwamba mapafu yakijaa huitanua mirija, yakinywea huiacha ibane, kwa hiyo shida kubwa iko kwenye kutoa kuliko kuingiza.

Piga hesabu. Mashine ikisetiwa pumzi 20 kwa dakika, kila pumzi ina sekunde 3. Kuingiza kukila sekunde 1, za kutoa zimebaki 2, nazo kwa mirija iliyobana hazitoshi. Pumzi ya pili inaingia ya kwanza haijaisha, ya tatu inaikuta ya pili njiani. Aliyewahi kusimama stesheni ya Tabora, pale abiria wa Mwanza na wa Kigoma wanapogawana njia, anaujua mlango wa behewa ambao wa nje wanaanza kupanda na mizigo ilhali wa ndani hawajamaliza kushuka.

Hewa hiyo haiongezeki bila kikomo. Kadiri mapafu yanavyofura ndivyo yanavyosukuma nje kwa nguvu zaidi na mirija kutanuka kidogo, hadi kinachoingia kinalingana na kinachotoka. Tatizo ni kwamba wakati huo kifua kimeshafura, na mwisho wa kila pumzi mapafu bado yana presha ambayo hakuna aliyeiagiza.

Na imejificha. Kipimo cha kawaida kwenye skrini husoma presha ya upande wa mashine, ambako valvu iko wazi. Iliyobanwa nyuma ya mirija miembamba hakioni. Mwaka 1982 madaktari wa Marekani, Pepe na Marini, waliandika juu ya presha hii iliyofichika kwa wagonjwa wenye mirija iliyobana, na jina la oto-PEEP likashika. Ili kuipata, unabonyeza kitufe kinachoifunga valvu mwisho wa kutoa pumzi, mgonjwa akiwa ametulia, hajikakamui. Hewa inasimama, presha ya pande zote inasawazika, namba inapanda. Kama mashine ilisetiwa ibakize presha ya 5 mwisho wa pumzi, kwa kipimo cha sentimita za maji, na sasa inasoma 14, basi 9 ndizo zilizokuwa zimefichwa. Hata bila kitufe, tazama mchoro wa mtiririko wa hewa: mstari wa kutoa usiporudi kwenye sifuri kabla ya pumzi inayofuata, ujue kuna iliyobaki.

Kinachotutisha zaidi ni moyo. Kifua kilichofura hukandamiza mishipa inayorudisha damu moyoni. Damu hairudi ya kutosha, presha ya damu inaporomoka, na mtu anaweza kusimama moyo. Mapafu nayo yanaweza kupasuka. Hali hii hutokea sana mgonjwa anapopumuliwa kwa mkono kwa mfuko wa ambu, njiani kuja rufaa au umeme ukikatika, kwa sababu mkono wenye hofu hukamua haraka mno. Nawaomba wenzangu wa wilayani, hesabu kimoyomoyo kabla ya kukamua tena.

Presha ya damu ikianguka ghafla kwa mgonjwa wa namna hii, mchomoe kwenye mashine kwa muda mfupi, mrija ubaki kooni. Utaisikia hewa ikitoka ndefu, fyuuu, na mara nyingi mapigo yanarudi mkononi mwako. Yasiporudi, fikiria haraka pafu lililopasuka. Baada ya hapo shusha pumzi ziwe 10 au 12 kwa dakika, ziwe ndogo, kuingiza kuwe kufupi. Nyonya makohozi, endelea na salbutamoli, dawa ya kutanua mirija, mpe usingizi asipigane na mashine. Kabonidioksidi itapanda kidogo kwenye damu. Hilo tunalivumilia, isipokuwa kwa aliyeumia kichwa.

Yule mzee sikumweleza yote haya. Nilimwambia, "Mzee, mwekee mkono kifuani." Akauweka. Mashine ikasukuma, kifua kikapanda, kisha kikaanza kushuka polepole. Alinyamaza sana, akihesabu kwa midomo.

"Bado kinashuka," akasema.

"Ndiyo tunayoingoja, mzee."

Akauacha mkono palepale.