Mazoea ya kila siku na mtazamo wa mwalimu: dhana potofu na ukweli wake

Katika vyumba vya walimu hapa Uganda, dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba mazoea mapya hujengeka kwa siku 21. Chimbuko lake ni daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura zao mpya. Hakuwa akizungumzia madaftari wala maandalio ya somo, na neno "angalau" limepotea njiani. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walipowafuatilia watu 96, walikuta kwamba tabia huchukua wastani wa siku 66 kabla ya kufanyika bila kujilazimisha, huku wengine wakihitaji siku 18 na wengine 254. Kwa mwalimu anayeitekeleza tabia hiyo siku za shule pekee, siku 66 ni karibu sawa na muhula mzima wa wiki 13. Nimewaona wenzangu wakijilaumu na kuacha katika wiki ya nne, na inaniuma, kwa sababu hawakuwa wameshindwa. Walikuwa ndiyo kwanza wameanza. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba kukosa siku moja hakubomoi kilichokwisha kujengwa.

Wapo wanaoamini kwamba lazima mwalimu aamke saa kumi alfajiri. Kinachosaidia si saa, bali ni kulifunga jambo jipya kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku. Mimi huandika mada ya kesho mara tu ninapomaliza kufuta ubao wa kipindi cha mwisho, vumbi la chaki likiwa bado vidoleni, na kurasa za daftari langu la maandalio zina alama nyeupe za vidole kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Dhana inayotuumiza zaidi ni ile inayosema kwamba mwenye mtazamo chanya halalamiki wala haoni ugumu. Shule zetu zilipofunguliwa tarehe 10 Januari 2022, baada ya kufungwa, kikamilifu au kwa sehemu, tangu Machi 2020, tumaini la kweli lilianza kwa kukubali kwamba watoto wengi walikuwa wamesahau kusoma, kisha kumsikiliza kila mmoja ili kujua aanzie wapi. Vilevile, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba kuchakaa kazini, yaani kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuiona vibaya, na kupungukiwa na ufanisi, hutokana na msongo wa muda mrefu wa kazini usiodhibitiwa. Mwalimu aliyechoka namna hiyo hana upungufu wa imani wala wa wito. Mzigo wake unapaswa kugawanywa upya, naye ana haki ya kumweleza mwalimu mkuu waziwazi. Kwa upande wake anaweza kuanza na sehemu iliyo mikononi mwake: mwenye darasa la wanafunzi 100 akisahihisha madaftari 20 kila siku, Ijumaa jioni anaondoka mikono mitupu.