Je, wajua kwa nini unamjua mtu kwa mwendo kabla hujaiona sura yake?

Simama karibu na Mnara wa Saa, Arusha, saa kumi na moja jioni watu wakitoka kazini. Kuna mtu anakuja kwa mbali, sura bado haijaonekana, na wewe umeshasema: "Si Baba Neema yule?" Umemjua kwa anavyotupa mikono na anavyokata hatua.

Macho hayahitaji mengi. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Uswidi, Gunnar Johansson, aliwafunga watu taa ndogo mabegani, viwikoni, nyongani, magotini na kwenye vifundo vya miguu, akawapiga filamu gizani. Watazamaji waliona nukta za mwanga tu, lakini hata sekunde moja haikupita wakajua ni mtu anatembea. Miaka minne baadaye, Marekani, watu waliwatambua marafiki zao kwa nukta kama hizo. Walikosea mara nyingi, ila walipata kuliko anayebahatisha.

Hulka ya mtu nayo inaonekana kwenye mwendo, hasa kwenye kasi. Kila mjongeo una gharama mbili, nguvu na muda, na ubongo unazipima bila kukuuliza. Asiyeweza kusubiri anaona muda ni ghali, basi analipa nguvu zaidi ili afike mapema. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha mwaka 2014 kwamba watu ambao macho yao huruka haraka kutoka nukta moja hadi nyingine ndio hao hao waliokosa subira kwenye jaribio la kungoja. Macho hayo, wala si miguu! Ukubwa wa mjongeo nao una lake: mchangamfu akiongea, viwiko vinatoka mbali na mbavu; mwenye haya anavibana.

Tatizo linaanza tunapogeuka wapiga ramli. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza waliwaonyesha watu mienendo ya wageni na kuwauliza hulka zao. Majibu yalifanana sana, yaani wengi walimwona mtu yule yule kuwa jasiri au mwoga, lakini hayakulingana na jinsi wenye mwendo walivyojieleza. Tunakubaliana, na tunakosea pamoja.

Mfano uko Moshi, njia ya kwenda soko la Mbuyuni. Mama ana mkungu wa ndizi kichwani juu ya ngata, shingo imesimama, kichwa hakitikisiki, nyonga ndizo zinazofanya kazi. Mpita njia anasema anaringa. Vipimo vilivyofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 1986 vilionyesha kwamba wanawake waliozoea kubeba kichwani wanaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya wanazotumia wakitembea mikono mitupu. Kwa mama wa kilo 60, hizo ni kilo 12. Huo ni ufundi, maringo hayamo.

Ukitaka kulinganisha watu kwa haki, pima. Tafuta njia tambarare, si mteremko wa kutoka Kibosho. Weka alama mbili zenye mita 10 kati yake, na uache mita 2 kabla ya alama ya kwanza na mita 2 baada ya alama ya pili, kwa sababu mtu anayeanza au anayekaribia kusimama huwa na kasi ndogo. Hesabu sekunde na hatua. Mtu mzima mwenye afya, kwa mwendo wake wa kawaida, hutumia sekunde 7 hadi 8. Rudia siku tatu tofauti, viatu vile vile: ndala hufupisha hatua kwa kuwa vidole vinang'ang'ania zisichomoke. Na asijue anapimwa, maana anayejua hutembea kama yuko gwaride. (Mwambie baadaye.)

Kinachostahili kukushtua zaidi ni mwendo uliobadilika. Mwenye sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, mara nyingi hutembea polepole, mikono haitupi sana, mabega yameinama, mwili unayumba kushoto na kulia. Na mtu aliyekuwa akitupa mikono yote miwili, sasa mmoja umetulia ubavuni na hatua zimekuwa fupi, msiseme amekuwa mpole siku hizi. Inaweza kuwa dalili ya mapema ya ugonjwa wa Parkinson, ambapo seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayohusika na wepesi wa kujongea, zinakufa. Huyo apelekwe kwa daktari.