Hogo (plasta ngumu ya mfupa) likibana usisubiri kukuche: maswali na majibu kuhusu kuvunjika mifupa

Nimeanguka, vidole vinacheza. Si dalili kwamba sijavunjika?
Hapana, na imani hii inachelewesha wengi. Vidole huvutwa na misuli na kano, hivyo vinaweza kucheza vizuri huku mfupa umevunjika. Ukisikia maumivu makali unapobonyeza sehemu moja ya mfupa, pamevimba, au huwezi kukanyagia, nenda ukapigwe eksirei. Kwa mtoto kuwa makini zaidi. Mfupa wake hupinda na kupasuka upande mmoja kama kijiti kibichi. Mkono unaonekana mzima, ila hataki uguswe.

Ajali ya bodaboda, mfupa umetokeza nje. Tuurudishe?
Msiurudishe. Funikeni jeraha kwa kitambaa safi, bonyezeni panapovuja damu, mfungeni mguu kwenye ubao usichezecheze, kisha hospitali moja kwa moja. Msimpe chakula, huenda akapasuliwa. Antibayotiki inatakiwa mapema, ikiwezekana ndani ya saa 1, pamoja na sindano ya pepopunda, na jeraha lioshwe vizuri chumba cha upasuaji. Mara nyingi mguu huo hushikiliwa kwanza kwa vyuma vya nje, ile mnayoiita antena.

Kwa nini mwingine anafungwa hogo na mwingine anawekewa chuma?
Vipande vikikaa sawa na kutulia, hogo linatosha. Paja la mtu mzima ni vigumu kutulia, kwa hiyo huingizwa chuma ndani ya uwazi wa mfupa. Chuma kinashikilia tu. Kuunga ni kazi ya mfupa wenyewe.

Nilifungwa hogo jana, usiku maumivu yamezidi. Nimeze dawa nivumilie?
Usivumilie, tafadhali. Misuli ya mguu imefungwa ndani ya vifuko visivyotanuka. Uvimbe ukiongezeka humo, damu inashindwa kupita, na baada ya saa 6 hivi misuli inaweza kuanza kufa. Dalili ya kwanza ni maumivu yanayozidi licha ya dawa, hasa mtu akikunyoosha vidole taratibu. Ganzi na ubaridi huja baadaye. Unaweza kubonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, uachie, uone kama wekundu unarudi ndani ya sekunde 2. Lakini hata ukirudi, kama maumivu yanapanda, nenda usiku huohuo hogo lipasuliwe.

Nilimpokea kijana aliyefungwa mabanzi kijijini. Siku 3 alilia, na kila aliyemsikia alimwambia, "Vumilia, ndiyo mfupa unaunga." Nilipofungua kamba, vidole vilikuwa vyeusi na baridi. Mguu ulikatwa chini ya goti. Eksirei ilionyesha ufa mmoja tu, ambao hogo lisilobana lingeutosha. Hadi leo nikifunga mgonjwa, namweleza dalili hizi na mwenzake anayemsindikiza, si yeye peke yake.

Mfupa unaunga baada ya muda gani? Na supu ya kongoro?
Kifundo cha mkono cha mtoto, wiki 3 hadi 6. Mfupa wa ugoko wa mtu mzima, miezi 3 hadi 4 au zaidi, na sigara huchelewesha. Supu inyweni, ni chakula kizuri, ila haiharakishi mfupa. Leteni pia dagaa, maharage na maziwa. Na hogo likiwasha, usichokonoe kwa kijiti: kidonda kikitokea humo ndani, hakuna atakayekiona mpaka kinuke.