Seva ndogo ya barua pepe: anza na diski

Nikiitwa kufunga seva ya barua pepe ya ofisi, swali la kwanza huwa la prosesa: i5 inatosha, au tununue i7? Kwa watu thelathini, hata prosesa ya miaka kumi iliyopita itashinda imekaa bure. Mzigo wa barua pepe unabebwa na diski, na hilo nililijua kwa machungu.

Postfix, programu inayopokea na kutuma barua, ikipokea barua, huiandika kwanza kwenye diski na kusubiri ithibitishe kuwa imekaa, ndipo imjibu mtumaji kwa namba 250. Jibu hilo ni ahadi: barua iko mikononi mwangu, wewe futa nakala yako. Sasa, zipo SSD (diski za chipu) za bei nafuu zinazojibu “tayari” wakati barua ingali kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika nukta hiyo, imekwenda. Ofisi moja niliyoifungia diski ya namna hiyo ilipoteza barua ya zabuni. Mtumaji alituletea logi yake: “250 2.0.0 Ok: queued as”, dakika ileile umeme ulipokatika. Kwetu haikuwapo hata herufi moja. Katibu muhtasi aliulizwa mara tatu kama hakuifuta, naye hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu.

Tangu hapo nafunga SSD mbili za daraja la seva, zenye kapasita za kumalizia kuandika umeme unapokatika, nikizioanisha kwa RAID 1, yaani kila moja hubeba nakala ya nyingine. Na UPS, betri ya akiba ya umeme, lazima. RAM ya GB 4 inatosha; ukitaka ClamAV, ya kukagua virusi, weka 8, maana hiyo peke yake hula zaidi ya GB 1.

Programu hazinisumbui: Debian ambayo ni mfumo endeshi, Postfix, Dovecot ya kuwafikishia watumiaji barua zao, na Rspamd ya kuchuja barua taka. Barua nazihifadhi kwa mtindo wa Maildir, kila barua faili lake, hivyo bekapu ya usiku hunakili mpya tu. Seva ya pili ya akiba huhitaji. Seva yako ikizimika, za wenzako huendelea kujaribu; Postfix hushikilia barua kwenye foleni siku 5.

Ila kabla hujatoa hata shilingi, muulize mtoa huduma wako wa intaneti: poti 25, mlango ambao seva hupitishiana barua, iko wazi? Nina anwani ya IP ya kudumu, na mtaniwekea rekodi ya PTR, inayoonyesha jina la seva yenye anwani hiyo? Bila PTR, Gmail itakukataa au kukutupa kwenye taka, na tangu Februari 2024 inamdai kila mtumaji SPF au DKIM, rekodi za kuthibitisha kuwa barua imetoka kweli kwenye kikoa chake. Wakikunyima hayo, kodi VPS ndogo (seva ya kukodi mtandaoni) itume kwa niaba yako, barua zenyewe zibaki ofisini.

Siku ya kukabidhi, naipelekea seva mpya barua elfu moja mfululizo kutoka kwenye laptopu yangu, na katikati nachomoa waya wa umeme nyuma ya mashine. Ikiwaka tena, nahesabu: kila barua iliyopewa 250 lazima iwepo. Ikikosekana hata moja, diski hizo narudisha dukani.