Kubanwa na prosesa: ile asilimia haikuambii

"Prosesa yako inatumika asilimia 20 tu, shida ni kadi ya picha, badilisha." Kila akitokea mtu analalamika kwamba simuleta yake ya ndege inakatakata, jibu hilo halikosi. Mtu analitii, ananunua kadi ya bei mbaya, na fremu (picha zinazopita kwenye skrini kila sekunde) zinabaki zilezile.

Kubanwa ni hivi. Kila fremu ina kazi mbili: prosesa inapiga hesabu za ndege, hewa, mitambo na trafiki, kisha inaandaa orodha ya vitu vya kuchorwa, kadi ya picha inavichora. Mwenye kuchelewa ndiye anayepanga kasi, mwenzake anangoja. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kila mmoja ana takriban milisekunde 16.7. Maana ndiyo hiyo, haina zaidi.

Kinachopotosha ni ile asilimia, kwa sababu ni wastani wa prosesa nzima. Chukua prosesa yenye viini 8 (sehemu zinazopiga hesabu) na nyuzi 16 (foleni za kazi, mbili kwa kila kiini). Uzi mmoja ukielemewa kabisa na mingine ikakaa bure, kihesabu jumla ni asilimia 6 na ushee. Na simuleta za ndege ndivyo zilivyo: zina uzi mkuu unaobeba kazi nyingi isiyogawanyika, maana hesabu moja inasubiri jibu la nyingine. Uzi huo ukijaa, umebanwa na prosesa, hata kama viini vingine vimelala usingizi. Ndiyo maana kununua viini 16 badala ya 8 kwa ajili ya kurusha ndege mara nyingi ni kulipia wafanyakazi wasio na kazi. Kinachosaidia ni kasi ya kiini kimoja, na kashe kubwa, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Prosesa ya AMD, Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022, ina viini 8 sawa na 5800X, tena gigahezi zake ni pungufu kidogo, lakini kashe yake ya ngazi ya tatu (L3) ni megabaiti 96 dhidi ya 32, na kwenye Microsoft Flight Simulator inamwacha ndugu yake mbali.

Kuna na wale wanaosema "kadi hii na prosesa hii zinabanana kwa asilimia fulani", kana kwamba kubanwa kumeandikwa kwenye boksi. Kompyuta ileile, ikiwa juu ya bahari katikati ya mawingu mazito kwenye skrini ya 4K, itabanwa na kadi. Hiyo ni pikseli milioni 8.3 kila fremu, mara nne ya 1080p. Dakika chache baadaye ikishuka kwenye uwanja mkubwa uliojaa ndege, na wewe umeketi kwenye chumba cha rubani chenye skrini zinazofanya kazi kweli, uzi mkuu ndio unaohema. Hapo ukipunguza rezolusheni (idadi ya pikseli) hupati kitu. Ukipunguza trafiki na umbali wa kuonyesha mandhari kwa undani, utapata. (Kumbukumbu ya kadi ikijaa ni ugonjwa mwingine kabisa, usiuchanganye na huu.)

Fremu za kubuni zinazoongezwa na kadi mpya hulainisha mwendo machoni, lakini uzi mkuu unabaki na mzigo wake uleule.

Kwa hiyo anayeuliza anunue nini, asianze na asilimia. Apaki ndege pale inapokatakata, ashushe rezolusheni, aangalie fremu. Zikipanda, kadi ndiyo iliyokuwa inabana. Zisiposogea, ni prosesa. Microsoft Flight Simulator hata inaandika yenyewe, ukiwasha kihesabu fremu kwenye hali ya wasanidi, kama kinachobana ni uzi mkuu au kadi. Na sentensi kama "prosesa yako inabana kadi yako" si uongo, imekatika tu katikati: tumalizie kwa kusema ni kwa rezolusheni ipi, na ndege ikiwa wapi.