Breki ya nyuma inabonyea tu: tafuta upepo ulikojificha

Kanyaga breki ya nyuma ya pikipiki uishikilie. Pedeli ikishuka bila ugumu, halafu ikakaza baada ya kuipampu mara kadhaa, ndani ya mfumo wa mafuta ya breki kuna upepo, yaani hewa. Ikikaza kwanza kisha ikazama taratibu chini ya mguu, na hakuna mafuta yanayovuja nje, usihangaike kutoa upepo: sili za masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ya breki, zimechoka. Nasisitiza hili kwa sababu wengi humaliza chupa nzima ya mafuta ya breki kwa ugonjwa usio wa upepo.

Nazungumzia breki ya disiki. Bodaboda nyingi zina drumu nyuma, na hiyo hurekebishwa kwa nati ya fimbo yake.

Utoaji wa upepo wenyewe unajulikana. Jaza kikopo cha mafuta ya breki kwa aina iliyoandikwa kwenye kifuniko chake, mara nyingi DOT 4. Ingiza spana ya ringi, namba 8 kwa pikipiki nyingi, kwenye nipeli ya kutolea upepo iliyo kwenye kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye disiki, kisha chomeka mpira mwembamba unaoonesha ndani, ncha ya pili izame kwenye mafuta ndani ya chupa. Kanyaga, legeza nipeli, kaza, ndipo uachie pedeli. Ukiachia kabla ya kukaza, umevuta hewa upya. Kikopo cha nyuma ni kidogo mno, kikague kila baada ya mikanyago michache.

Sasa, umefanya yote hayo na pedeli bado laini. Hapa ndipo mafundi wengi hulaumu masta silinda bure. Hewa hupanda juu, na kwenye baadhi ya pikipiki kalipa imekaa kiasi kwamba nipeli si sehemu ya juu kabisa. Mafuta yanapita, povu linabaki. Fungua kalipa itoke mahali ilipofungwa, weka kipande cha ubao kati ya pedi ili pistoni zisichomoke, igeuze nipeli itazame juu, kisha toa upepo tena. Maficho mengine ni bolti ya mpira wa breki pale masta silinda: zungushia kitambaa, kanyaga, ilegeze kidogo tu, ikaze kabla ya kuachia.

Kama pedeli hulegea mteremkoni na kurudi sawa breki ikipoa, mafuta yamezeeka. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya unyevu, kiwango chake cha chini ni 155. Anayeshuka mlima mkali kama Kitonga mguu ukiwa umelala juu ya pedeli anaweza kuyachemsha, na mvuke hubonyea sawasawa na hewa. Badilisha mafuta yote, angalau kila miaka miwili. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na DOT 4. Mafuta ya injini usiyaguse kabisa, yanavimbisha sili.

Pini za kalipa zikiwa zimekwama, zisafishe na kuzipaka grisi ya breki, maana kalipa isiyoteleza nayo huifanya pedeli iwe laini. Yakidondokea rangi mafuta ya breki, mwagia maji mengi papo hapo. Kabla ya kuingia barabarani, pampu hadi pedeli ikaze, sukuma pikipiki kwa mkono na uijaribu breki.