Hongo, forodha na meno ya tembo: jinsi ugomvi wa biashara unavyogeuka kuwa vita

Mwezi Aprili 2025 nilikuwa Tukuyu kwa shughuli za kifamilia, na mama mmoja anayesafirisha ndizi kwenda Malawi aliniuliza swali ambalo nimekuwa nikilitafakari tangu siku hiyo. Malawi ilikuwa imezuia mwezi Machi uingizaji wa baadhi ya mazao, yakiwemo mahindi, mchele, tangawizi na ndizi, na Tanzania nayo ilitangaza tarehe 23 Aprili kwamba inazuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini. Mzigo wake ulikuwa umekwama karibu na mpaka wa Kasumulu hadi ndizi zikaanza kuiva ndani ya gari. "Mwalimu," aliniuliza, "wewe si umesomea mambo ya zamani? Hivi nchi zinaweza kupigana kwa ajili ya ndizi?"

Nilimjibu kwa kifupi kwamba kwa ndizi zenyewe, hapana. Jibu refu ndilo hili ninaloliandika sasa nikiwa Iringa. Ninachofundisha na kutafiti ni historia ya biashara ya nyanda hizi katika karne ya 19, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba watu hawapigani kwa sababu ya bidhaa. Hupigana kwa sababu ya mlango ambao bidhaa inapitia, yaani nani ana haki ya kukaa pale na kudai chake. Na hata ugomvi wa mlango hauwi vita kamili mpaka dola ikubali kuichukua hasara ya mfanyabiashara na kuifanya kuwa hasara yake.

Mfano wa kwanza uko ng'ambo tu ya mto Songwe, mwendo mfupi kutoka pale ndizi zilipokwama. Kampuni ya Waskoti iliyoitwa African Lakes Company, iliyoanzishwa mwaka 1878 na kusimamiwa na ndugu wawili, John na Frederick Moir, ilikuwa na ghala Karonga ambako ilinunua meno ya tembo. Waliokuwa wakiyaleta ni wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili, na aliyejulikana zaidi miongoni mwao alikuwa Mlozi. Kampuni haikuwa na mtaji mkubwa, na vitambaa vya kulipia pembe vilichelewa kufika, hivyo wauzaji walikaa pale wakisubiri, na wafuasi wao wakazidi kuongezeka katika nchi ya Wangonde. Mwaka 1887 mapigano yalizuka, vijiji vya Wangonde vikachomwa na watu wengi wakauawa, na kampuni ikajikuta vitani na watu wale wale waliokuwa wakiiuzia pembe.

Jambo la kuangalia hapa ni mwenendo wa vita hivyo. Serikali ya Uingereza haikutaka kujiingiza, kwa hiyo kampuni ilipigana kwa nguvu zake yenyewe, na mwaka 1888 ikampata kapteni mmoja aliyekuwa akitafuta kazi, Frederick Lugard, ambaye alijeruhiwa vibaya alipojaribu kuvamia boma mojawapo. Baada ya hapo pande zote mbili zilichoka na kupatana mwaka 1889. Miaka sita baadaye, Waingereza walipokuwa wameitangaza nchi hiyo kuwa chini ya himaya yao, mwakilishi wao, Harry Johnston, alifika na askari wa Kisikh na wa Kiafrika pamoja na mizinga. Boma la Mlozi lilianguka kwa siku chache tu, na Mlozi mwenyewe akanyongwa Desemba 1895. Ugomvi ulikuwa ule ule, na hata mahali palikuwa pale pale. Kilichobadilika ni mwenye deni.

Sasa nirudi upande wetu wa Iringa, ambako msingi wa mambo yote ulikuwa hongo. Msomaji wa leo akisikia neno hili anafikiria rushwa, na huo ni ushindi mdogo wa upande mmoja wa historia ambao umebaki katika ndimi zetu. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa malipo ya wazi ambayo msafara ulimpa mtawala ili upite katika nchi yake, uchote maji na ununue chakula bila kusumbuliwa. Malipo yalifanywa kwa shanga, kwa nyaya za shaba, na zaidi kwa vitambaa: merikani, ambayo ni pamba nyeupe isiyopaushwa na iliyopata jina lake kutokana na Marekani ilikotoka, na kaniki iliyotiwa nili. Kipimo kilikuwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka, na mikono minane ni doti. Hebu fikiria kiongozi wa msafara akiwa amekaa siku tatu nje ya boma la mtawala, wapagazi wake wakila akiba iliyobaki, huku doti zikikunjuliwa mbele ya wazee mmoja baada ya mwingine, kupimwa kwa kiwiko, kukataliwa kwa kuwa ni nyepesi, na kurudishwa ili zipimwe upya. Katika Ugogo, ambako maji yalikuwa machache, hongo ilikuwa nzito kuliko mahali pengi, na wasafiri wa Kizungu walioandika habari zao waliilalamikia kana kwamba ni wizi. Kwa mtawala, hata hivyo, hiyo ilikuwa forodha yake. Anayelipa ushuru leo pale Kasumulu analipa kitu cha ukoo ule ule, ila anapewa stakabadhi.

Hongo ilipanda kwa sababu pembe ilipanda. Viwanda vya Ulaya na Marekani vilihitaji meno ya tembo kwa ajili ya vibao vya piano, mipira ya biliadi na vipini vya visu, ilhali bei ya vitambaa vya viwandani ilishuka. Frasila moja ya pembe, ambayo ni takriban kilo 16, ilinunua kitambaa kingi zaidi kila muongo ulipopita, na watawala wa bara waliona wazi kwamba utajiri unapita mlangoni mwao ukielekea pwani. Munyigumba, aliyeziunganisha koo za Wahehe, na baadaye mwanawe Mkwawa, walipigana na Wasangu wa Merere na Wangoni kwa sababu kadhaa; mifugo, mateka na heshima vilikuwemo. Lakini aliyezishika nyanda hizi alikuwa na uwezo pia wa kuitikisa njia kuu ya misafara iliyopita kaskazini kwake kupitia Kilosa na Mpwapwa kwenda Tabora. Mkwawa aliufahamu uwezo huo vizuri.

Kule pwani, mlango mwingine ulikuwa unabadilisha wenyewe. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar alitia sahihi mkataba ulioipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki haki ya kusimamia pwani na kukusanya ushuru wa forodha kwa miaka 50. Mwezi Agosti kampuni ilikwenda kushika forodha. Pangani alikuwepo wakala wake, Emil von Zelewski, kijana mwenye kiburi aliyeona kwamba bendera ya Sultani haina haki ya kupepea peke yake. Wenyeji walikuwa wamezoea forodha yenye mazungumzo ndani yake: liwali alijulikana, wakusanyaji wa Kihindi walijulikana, na kila jumbe alikuwa na fungu lake dogo kutokana na misafara iliyoshuka. Ghafla wakaambiwa kwamba mafungu hayo yamekwisha. Katika muda wa wiki chache kampuni ilifukuzwa karibu pwani yote, ikabakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu, na majina ya Bushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Sadani yakasikika mpaka Berlin.

Kampuni ilikuwa imefilisika kisiasa, na kwa mantiki ya kibiashara ilipaswa kufunga virago. Badala yake, mwanzoni mwa mwaka 1889 bunge la Ujerumani liliidhinisha marki milioni 2, na Hermann Wissmann akatumwa na jeshi la askari wengi wao wakiwa Wasudani. Fedha hizo ziliombwa kwa jina la kupiga vita biashara ya utumwa, maana hakuna bunge linalopenda kuambiwa kwamba linalipia forodha ya kampuni iliyoshindwa. Bushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Hasara ya kampuni ilikuwa imekwisha kuwa hasara ya dola.

Ninamtaja Zelewski kwa jina kwa sababu hadithi yake haikuishia Pangani. Mwaka 1891 alikuwa kamanda wa jeshi la kikoloni, na aliongoza kikosi kuja Uhehe kumwadhibu Mkwawa kwa mashambulizi yaliyokuwa yakivuruga njia ya misafara. Mtu aliyeanzisha moto katika forodha ya pwani alikuja kuuzima katika mlango wa bara. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, ambapo leo mnara umesimama jirani na barabara kuu inayotoka Iringa kwenda Morogoro, kikosi chake kilikuwa kikipita kwa mstari mrefu na bunduki nyingi zikiwa hazijajazwa risasi. Wahehe walitokea vichakani na mikuki yao. Mambo yalimalizika kwa dakika chache: Zelewski mwenyewe, Wajerumani wengine tisa na askari zaidi ya 200 walikufa. Ninapowapeleka wanafunzi pale huwa nawaambia waitazame barabara kwanza kabla ya mnara, maana malori yanayoelekea Tunduma na Kasumulu hupita karibu kabisa na hapo.

Baada ya Lugalo haikuwezekana tena kuzungumzia hongo wala njia. Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilipigwa kwa mizinga na kutekwa tarehe 30 Oktoba 1894, na Mkwawa alijipiga risasi Mlambalasi mwezi Julai 1898 baada ya kuwindwa kwa miaka.

Wapo wenzangu wanaodhani kwamba ninavuta kila kitu kuelekea Iringa, kwa hiyo niwape mfano wa mbali, ambao kwa maoni yangu ndio ulio wazi kuliko yote. Tangu mwaka 1757 China iliwaruhusu wafanyabiashara wa Ulaya kununua na kuuza katika bandari moja tu, Guangzhou, kupitia matajiri maalumu walioitwa hong. (Neno hilo halina undugu na hongo yetu, ingawa kazi ya kukaa mlangoni ilifanana.) Waingereza walikunywa chai nyingi na Wachina hawakutaka bidhaa nyingi za Uingereza, hivyo fedha ya madini iliondoka kwenda China, mpaka afyuni ya Bengal ilipogeuza mkondo huo. Mwaka 1839 mjumbe wa mfalme, Lin Zexu, alinyang'anya zaidi ya makasha 20,000 ya afyuni, akayateketeza huko Humen katika mahandaki ya maji, chumvi na chokaa.

Mpaka hapo waliopoteza walikuwa wafanyabiashara wa magendo. Lakini ili wakubali kuitoa afyuni hiyo, mwakilishi wa Uingereza, Charles Elliot, alikuwa amewaahidi kwamba serikali yao itawafidia. Kwa ahadi hiyo moja shehena ya walanguzi ikawa deni la Malkia, na kwa kuwa hazina ya London haikuwa tayari kulilipa, ilibidi China ilipe. Bunge lilijadili jambo hilo Aprili 1840, na serikali iliponea kwa kura 271 dhidi ya 262. Kura tisa! Mkataba wa Nanjing wa mwaka 1842 uliidai China dola milioni 21, kati yake milioni 6 zikiwa ni za afyuni, ukaichukua Hong Kong na kufungua bandari tano. Jambo zito zaidi, kwa mtazamo wangu, ni kwamba China haikuwa tena na uhuru wa kujipangia ushuru wake.

Wakati mwingine dola huichukua hasara iliyokwisha kupoa. Nahodha Robert Jenkins alikatwa sikio na walinzi wa pwani wa Kihispania mwaka 1731, na Uingereza haikutangaza vita mpaka mwaka 1739, wakati wafanyabiashara wa London waliokuwa wakigombania soko la Amerika walipohitaji sikio hilo.

Ndizi za Tukuyu hazikupata dola ya kuzipigania, na ndiyo maana sikuwa na wasiwasi. Siku chache baada ya tarehe 23 Aprili, Tanzania iliondoa zuio lake ili mazungumzo yaendelee. Kila serikali ilikuwa inaushika mlango wake, na hakuna iliyokuwa imeahidi kumlipa mtu yeyote. Nilimweleza yule mama habari za Elliot na makasha ya afyuni, naye alisikiliza mpaka mwisho huku akitenga mikungu michache iliyokuwa bado na nafuu. Mingine alikuwa ameiuza Kyela kwa bei ya kutupa.

"Kwa hiyo mimi," akasema, "hasara yangu ni yangu."

Nikamwambia ndiyo, mama, ni yako.

"Basi nisaidie kushusha hii."